Dhamana Isiyo na Asante

Farrell Dugas alikuwa na tabia moja iliyomkera Zenobia Ledet kuliko zote: habari mbaya haitoi mpaka mdomo wake uwe umejaa. Jumatano hiyo asubuhi alikuwa ameuma soseji ya wali, mafuta yanamchuruzika kidevuni, ndipo akasema, "Mzee wako hakutokea mahakamani."

"Mzee wangu yupi? Wangu mimi yuko kaburini, na hata huko sidhani kama ametulia."

"Ovide Papillion. Yule wa pete."

Zenobia akavuta kiti akaketi taratibu. Goti lake la kulia, alilolivunja enzi za upolisi, halikuelewana na Desemba. Nje ya dirisha malori ya miwa yalipita yakielekea kiwandani, yakiangusha matope na majani barabarani, na ng'ambo ya barabara ilisimama jela ya wilaya. Ofisi ya Farrell ilikuwa moja kati ya vibanda kadhaa vya dhamana vilivyojipanga kuitazama jela hiyo, kila kimoja na taa zake nyekundu, utadhani ndani mna harusi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuibeba. Mtu akikamatwa, jaji humpangia kiasi cha dhamana. Ndugu wasipokuwa nacho, ambavyo ndivyo huwa, huvuka barabara wakaja kwa Farrell. Farrell huiahidi mahakama kwamba mtu wao atakuja siku yake. Kwa ahadi hiyo huchukua ada, na ada hairudi hata mshtakiwa akithibitika kuwa malaika. Juu ya hapo mdhamini huweka rehani kitu chenye maana, gari, shamba au nyumba. Mshtakiwa akifika, rehani hurudi. Asipofika, mahakama inamdai Farrell, na Farrell anamdai mdhamini. Zenobia ndiye aliyetumwa kuwatafuta wasiofika.

"Jaji amenipa mpaka Ijumaa asubuhi," Farrell akasema, akijifuta kidevu. "Tusipompeleka mzee, anatia saini. Akitia saini, nyumba ya mdhamini imekwenda."

"Mdhamini nani?"

"Mwanamke mmoja, Earline Guillory. Mjane. Ana mtoto wa kike. Na usinitazame hivyo, Zeno, sikumshika mkono asaini."

"Ana undugu gani na Ovide?"

"Hapo ndipo penye kizungumkuti. Nilimuuliza, akasema hakuna. Si ndugu, si jirani, si mchumba. Tena akaniapisha kwa jina la mama yangu nisimwambie mzee nani kamtoa."

"Nawe ukakubali."

"Mama yangu namuogopa hata sasa." Akaegemea kiti. "Mimi nakwambia, hawa wawili lao moja. Mzee kaiba pete, mwanamke kaificha. Sasa mzee kala kona na pete yake, mwenzie kaachiwa msiba."

Kesi yenyewe Zenobia aliijua. Ovide Papillion alikuwa mponyaji, mmoja wa wale wazee wachache waliobaki ambao huitwa kuombea wagonjwa kwa sala walizorithi. Aliitwa kwa bibi kizee mmoja, Honorine, aliyevimba mikono. Jioni ile pete ya almasi ya bibi haikuonekana. Mpwa wa bibi akaenda kwa sherifu, akaapa kwamba yeye alikuwa kiwandani kutwa nzima na kwamba hakuna mwingine aliyeingia chumbani ila mponyaji.

"Mwizi anayekimbia na pete," Zenobia akasema akiinuka, "hasubiri miezi miwili nyumbani kwake akilisha kuku, halafu ndiyo akimbie siku ya mahakama."

"Basi kamlete," Farrell akasema, akaumega mkate. "Mimi natafuna tu, wewe ndiye mwenye akili."

Kibanda cha Ovide kilikuwa ukingoni mwa mto, mlango umerudishwa bila kufungwa. Zenobia alibisha, akasubiri kama adabu itakavyo, kisha akaingia.

Alitazama bila kugusa. Kitanda kimetandikwa. Viatu vya kanisani vimepangwa chini yake. Wembe na brashi ya kunyolea vilikuwa rafuni, brashi kavu. Kuku nje walikuwa wametupiwa mahindi yasiyo ya leo wala ya juzi, mtu alipita jana. Koti halikuwepo, wala kofia. Kando ya kitanda palikuwa na msumari mtupu, na ukutani chini yake rangi ilibaki mpya kwa umbo la msalaba na mnyororo wa shanga.

Mtu anayetoroka huchukua wembe akaacha rozari. Huyu alifanya kinyume chake.

Kutoka hapo akaenda kwa Earline. Alimkuta barazani akibangua njugu za pekani, beseni magotini, maganda yanaruka kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa.

"Kama unauza kitu, sina hela," Earline akasema bila kuinua macho. "Kama unahubiri, mimi Mkatoliki."

"Siuzi, na kuhubiri sijui. Naitwa Zenobia Ledet, natoka kwa Farrell wa dhamana."

Mikono ikasimama. Earline alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, amefunga kitambaa cha kazi cha jikoni shuleni.

"Hakwenda?" akauliza.

"Hakwenda."

"Yuko mzima?"

Zenobia aliliweka swali hilo moyoni. Mwanamke aliyekaribia kupoteza nyumba alikuwa ameulizia kwanza afya ya mzee. Washirika wa wizi hawaulizani hivyo.

"Sijui bado, dada. Ndiyo maana nimekuja. Asipoonekana Ijumaa, hii nyumba inaingia mkononi mwa Farrell. Unalijua hilo?"

"Nilielezwa. Nikasaini nikiwa na macho yangu."

"Basi nisaidie. Huyu mzee ni nani kwako?"

"Si mtu yeyote."

"Umeweka nyumba ya marehemu mumeo kwa mtu asiye yeyote?"

"Nyumba yangu, kalamu yangu."

"Amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu." Alilisema haraka mno, kisha akatupia jicho mlangoni. "Usiniulize hilo. Niulize lolote lakini hilo usiniulize. Chukueni nyumba, lakini mimi sina la kusema juu ya mtu huyo."

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Zenobia aliyejifunza kuhoji wezi alikijua kimya cha hatia. Hiki hakikuwa hicho. Mwanamke huyu alikuwa anaogopa kitu kikubwa kuliko kuhamishwa, na kila alipoogopa macho yake yalikimbilia mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka msichana wa miaka saba au minane, mikono imejaa vumbi la unga, akaegemea mwimo. "Mama, maji yamechemka."

"Zima jiko, Célie. Nakuja."

Zenobia akautazama ule mwimo. Ulipakwa rangi ya samawati siku nyingi, ikapauka. Lakini palepale utosi wa mtoto ulipogusa palikuwa na kizibo cha mti mpya, cha duara, kimegongomelewa kikalingana na ubao. Tundu lake lilitobolewa kwa keekee, tena karibuni, kwa kuwa mti wake ulikuwa bado mweupe.

Akakumbuka mti wa mpichi uani kwa nyanya yake. Kaka yake Numa alipokuwa akibanwa na pumu usiku, mzee mmoja alikuja, akamsimamisha kwenye shina, akatoboa tundu sawa na utosi wake, akatia humo shungi la nywele zake, akaziba, huku anasema maneno ambayo hayasikiki. Numa atakapokipita kizibo kwa kimo, pumu itabaki kwenye mti. Asiye na mti uani hutobolewa mwimo wa mlango. Na nyanya yao alikuwa amewakalisha wote, mkubwa kwa mdogo, akawapa amri: mzee huyu halipwi, haletewi kuku, haambiwi asante. Ukimlipa au ukimshukuru, dawa imekatika na ugonjwa unarudi kwa mwenyewe.

Zenobia hakujua kama anaamini. Numa alipona, lakini watoto wengi hupona. Ila aliyehusika hapa hakuwa yeye. Aliyeamini alikuwa Earline, na Earline alikuwa amesikia kwamba mtu aliyempa mwanawe pumzi yuko jela, hana wa kumtoa. Akaenda akaweka nyumba. Halafu akakaa na siri hiyo kifuani, kwa sababu akisema tu kwa nini, atakuwa amelipa.

Na nyumba yenyewe ndiyo iliyobeba nywele za Célie. Mwenye nyumba mpya angekuja na kopo lake la rangi, akakiona kizibo, akaking'oa.

Zenobia akasubiri mtoto aingie ndani.

"Dada," akasema polepole, "usinijibu. Endelea kubangua. Mimi sijui kwa nini ulisaini, na sitaki kujua. Ulisaini karatasi tu, kama watu wanavyosaini karatasi. Hakuna aliyelipa kitu, hakuna aliyemshukuru mtu. Ni sawa?"

Earline akainama juu ya beseni. Machozi yakadondokea pekani, naye akaendelea kubangua kama alivyoambiwa.

"Mtoto analala siku hizi?"

"Tangu Agosti analala mpaka asubuhi," Earline akasema.

Ndani ya gari Zenobia hakuwasha injini. Alikaa akilifikiria jambo moja lililokuwa mbele ya pua zao siku zote. Kama Ovide hakuambiwa nani kamtoa, aliambiwa nini? Akampigia Farrell.

"Ulikaa na mzee ukamweleza habari za dhamana?"

"Ningekaa naye vipi, na nimekula kiapo? Angeuliza nani kamtoa. Karatasi alitia alama yake kule dirishani jela. Kila kitu kimeandikwa."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Ulitaka Kilatini?"

"Mzee Ovide anasoma Kiingereza?"

Simuni ilisikika sauti ya kutafuna tu.

"Farrell, hebu acha kutafuna."

"Nimeacha," Farrell akasema kwa sauti ndogo. "Zeno... yule mzee hasomi lugha yoyote. Anaongea Kikreoli chake basi. Lo! Nimefanya nini?"

"Umemtoa mtu jela ukasahau kumwambia kwamba bado ana kesi. Mzee wa watu anadhani wamemwachia! Hajakimbia. Hajui kama kuna kukimbia."

"Na mimi nimeweka vijana wawili stendi ya mabasi."

"Waite warudi wakanywe kahawa."

Mtu asiyejificha hatafutwi kama aliyejificha. Zenobia aligeuza gari mpaka duka la nyama la njia panda, mahali ambapo habari zote za upande ule wa mto hupita kabla hazijafika kanisani. Mwuza nyama alikuwa mama mnene mwenye aproni yenye damu.

"Bi Zeno! Goti linaendeleaje?"

"Linanisema vibaya. Niambie, mama, nani anaumwa upande huu wa mto?"

Aliuliza *upande huu* kwa makusudi. Waponyaji wa kule hawavuki maji yanayotiririka kwenda kutibu; husema nguvu hubaki ng'ambo. Kama Ovide alikuwa kazini, hakuwa amevuka daraja.

"Si Alcée Mouton!" mwuza nyama akasema. "Hukusikia? Jumamosi walichinja nguruwe, akateleza, mafuta ya moto yakammwagikia mguu mzima. Alipiga kelele mpaka kiwandani wakasikia."

"Na anaombewa?"

"Mjomba Ovide yuko huko kwa Alcée. Anakwenda kibandani kwake mara moja moja kulisha kuku, anarudi. Lazima amwombee mara tatu ndipo moto utoke, na leo ni ya pili."

"Vijana wa Farrell hawakupita hapa kuuliza?"

"Walipita. Wakasema, 'Papillion amejificha wapi?' Nikawaambia sijui mtu aliyejificha." Akapiga kisu kwenye ubao. "Sikudanganya, nilidanganya?"

"Hukudanganya, mama."

Alimkuta kwa Alcée, ameketi barazani na kikombe cha kahawa, kofia kichwani, rozari imezungushwa kiganjani. Alikuwa mzee mrefu mkavu, masikio makubwa, macho ya mtu asiye na haraka na yeyote. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Alcée akimfokea mkewe juu ya mto wa kichwa, dalili kwamba anapata nafuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Goti hilo."

"Sikuja kwa ajili ya goti."

"Goti halijui hilo. Kaa."

Zenobia akakaa, akamweleza kwa Kikreoli, taratibu, tangu mwanzo. Jaji alipanga kiasi. Mtu akakudhamini. Wakala akaahidi kwa niaba yako. Siku yako ikafika, hukwenda. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Waliniita jina," akasema, "wakanirudishia mkanda wangu, wakasema nenda nyumbani. Mtu akikurudishia mkanda, si amekuachia?"

"Hapana, mjomba. Amekuazima."

"Nilidhani wameipata ile pete." Akatikisa kichwa. "Dhamana, binti, hutolewa na ndugu. Mimi ndugu zangu wote nimewazika kwa mikono hii. Nani angeniwekea dhamana?"

"Yupo."

"Nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Mjomba, nikikutajia, kuna kitu kitaharibika."

Kikombe kikasimama njiani kwenda mdomoni. Ovide akakirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Ah," akasema. "Ni mmoja wa watu wangu. Basi usiniambie. Ameweka nini?"

"Nyumba."

Mzee akavua kofia, akaikalisha gotini. Zenobia alikuwa amewaona wanaume wakivua kofia hivyo kanisani tu, na kaburini.

"Kesho asubuhi namalizana na Alcée, nitapita kuvaa viatu vya kanisani. Ijumaa nitakwenda."

"Mahakama iko ng'ambo ya mto, mjomba."

"Kule siendi kutibu, binti. Naenda kutibiwa."

Zenobia akacheka bila kutaka. Kisha akauliza lile alilokuwa amelibakiza makusudi, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Na hiyo pete ya Honorine, uliiona?"

"Nilimwambia aivue mimi mwenyewe. Kidole kilikuwa kimevimba kama soseji. Tukaitoa kwa sabuni, akampa mpwa wake aiweke."

"Mpwa wake alikuwepo?"

"Nani unadhani alishika beseni?"

Mpwa aliyeapa kwamba alikuwa kiwandani kutwa nzima, ndiye aliyeshika beseni. Hilo lilikuwa na siku yake mahakamani, na siku hiyo haikuwa mbali. "Hukuwaambia polisi?"

"Waliniuliza kama nimeiba. Nikasema hapana. Hawakuniuliza jingine."

Ijumaa jaji aliwapa maneno makali, Farrell zaidi ya mzee, naye Farrell aliyapokea mdomo mtupu kwa mara ya kwanza tangu Zenobia amjue. Ahadi ya dhamana ikarejeshwa, siku mpya ikapangwa, nyumba ikasalimika. Kabla hawajatoka, Zenobia alimkalisha Farrell kwenye benchi kando ya mzee. Farrell, kwa Kikreoli cha kubabaisha alichoachiwa na bibi yake, akaeleza yote upya: siku ya kurudi, kinachotokea asiporudi, kwamba kuwa nje si kuwa huru. Mzee akamrudishia kila kitu kwa mdomo mpaka Farrell akaridhika.

Benchi la mwisho ukumbini alikaa Earline, kitambaa cha kazi kichwani, na Célie pembeni yake. Jaji aliposema neno la mwisho, Earline alifumba macho. Ovide alipita karibu naye kiasi cha kugusana mabega. Hakumsalimu. Naye Earline hakumsalimu. Alikuwa ameshughulika na kifungo cha koti la mtoto, kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Mtoto ndiye aliyesimama mlangoni kuwapisha, mgongo kwenye mwimo. Macho ya mzee yakatua juu ya utosi wake, yakakaa hapo pumzi moja, yakaondoka.

Zenobia alimrudisha mzee nyumbani kwa gari, wakafika kwenye daraja.

"Mwaka huu nimetoboa mwimo mmoja tu," mzee akasema, akitazama maji. "Wengine wote wana miti."

Zenobia akashika usukani vizuri.

"Hukuniambia wewe. Nami sijasikia." Akaigeuza kofia mapajani. "Yule mtoto amekua. Bado kidogo atakipita kizibo."

"Akishakipita, mjomba, ndiyo mtu anaweza kusema neno?"

"Hapana. Hata hapo. Nikimshukuru itabidi aseme kwa nini, na akisema atakuwa amenilipa." Magurudumu yakaliacha daraja.

"Maisha yangu yote nawakataza watu wasiniambie asante, binti. Nilidhani nawapunguzia mzigo."